Angaza Uso, Usibadilishe Rangi: Somo la Kurekebisha Picha



Ndugu wasomaji, kila baada ya hafla ya jumuiya hupokea picha nyingi ambazo ndugu zetu wanataka nizirekebishe. Nyingi zina tatizo moja: kanzu na hijabu zinang'aa, lakini nyuso zimefifia gizani. Hapa Kibagabaga, ninakoishi, picha za mchana ndizo zenye taabu zaidi. Kigali iko takriban digrii 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Machi na Septemba jua la saa sita husimama karibu utosini, na kivuli cha paji la uso huangukia machoni.

Sababu ya pili ni kamera yenyewe. Ikipima mwanga, kwa kawaida hukadiria kwamba wastani wa picha ni kijivu cha kati. Ikikutana na safu ya kanzu nyeupe, hudhani mwanga umezidi na kuupunguza. Anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi. Tatizo hili ni la zamani: enzi za filamu, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley. Mwaka 2021 Google ilizindua simu za Pixel 6 zenye mfumo wa Real Tone, uliolenga kuonyesha vyema ngozi za rangi mbalimbali. Usipokuwa na simu hiyo, programu za bure zinatosha: Snapseed kwenye simu, au GIMP kwenye kompyuta.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio:

1. Tengeneza nakala. Usiiguse picha ya asili. Picha ya JPEG hupoteza ubora kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya.

2. Nyoosha na ukate. Ukuta au nguzo isimame wima. Ondoa pembeni visivyohusika, kama ndoo au kiatu cha mpita njia.

3. Inua vivuli. Hapa ndipo uso unaporudi. Usianze kwa kuongeza mwangaza wa picha nzima, maana kanzu itaungua. Katika JPEG kila rangi ina ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Kanzu ikifika 255 kote, mikunjo na nakshi zake hupotea, na hakuna programu ya kuzirudisha. Ongeza sehemu za vivuli peke yake, taratibu, kisha punguza kidogo sehemu zenye mwanga mkali.

4. Sawazisha rangi. Udongo wetu mwekundu huakisi wekundu kwenye nguo na nyuso. Chagua kifaa cha kusawazisha weupe, kisha gusa sehemu ya kanzu unayojua ni nyeupe kweli na ambayo haijaungua. Rangi nyingine zitafuata.

5. Malizia kwa ukali wa picha. Ongeza kidogo tu. Ukizidisha, ngozi itaonekana kama mchanga.

Sasa jambo lililonifanya niandike somo hili. Programu nyingi za urembo zina kitufe kimoja kinacholainisha uso na kuufanya mweupe. Kuinua vivuli na kuweupesha ngozi ni mambo mawili tofauti. La kwanza linaonyesha kile jicho lilichokiona. La pili linamwambia dada au kaka yako kwamba rangi aliyoumbwa nayo ina kasoro. Mama anayesubiri picha ya mahafali anataka kumwona mwanawe yuleyule aliyemlea.

Kipimo ni rahisi: linganisha uso na mkono ulio katika mwanga uleule. Uso ukiwa mweupe kuliko mkono, umevuka mpaka, rudi nyuma.

Picha ya mtu ni amana. Kabla ya kuituma kwenye kundi la WhatsApp, mwombe ruhusa aliyepigwa, na akikataa, ifute.

Zoezi: wiki hii chukua picha moja yenye uso uliofifia, fanya hatua ya tatu na ya nne pekee, kisha mwonyeshe mwenye picha na umuulize: "Huyu ni wewe?" Jibu lake ndilo alama yako.

Wabillahi tawfiq.