Nyumba ya Zamani ya Miti Kugeuzwa Ghala

Katika Runazi, na katika vijiji vingi vya Biharamulo na Ngara, mkulima akiisha kujenga nyumba ya matofali na mabati, ile ya zamani ya miti na udongo hubaki imesimama uani. Wengi hawaivunji, bali huifanya ghala. Jambo hilo si baya, maana nyumba ya miti iliyojengwa vema ni kavu, na kuta zake za udongo huzuia joto la mchana lisiingie upesi. Lakini nyumba iliyowafaa watu haiwezi kuifaa nafaka vivi hivi. Mkulima asipoitengeneza kwanza huweza kupoteza mahindi na nyumba pamoja.

Yafaa kuelewa jinsi nyumba hiyo inavyosimama. Uzito wa paa huchukuliwa na nguzo zilizochimbiwa ardhini. Fito zilizofungwa kwa kamba, na udongo uliokandikwa kati yake, ni kinga ya upepo na mvua tu. Hazikuwekwa ili zibebe kitu. Msonge wa kale, ule wa mviringo ulioezekwa nyasi mpaka karibu na ardhi, ulikuwa vivyo hivyo: nguzo za ndani ndizo zilizobeba. Basi mtu akimwaga mahindi yaliyopukuchuliwa yakaegemea ukuta, yataisukuma fito nje, na udongo utapasuka. Wala asitundike dari mpya juu ya nguzo za zamani akaijaza magunia. Magunia 10 ya kilo 100 ni tani nzima, na nguzo hizo zilizoea paa la nyasi.

Sasa nguzo zenyewe zilidumu kwa sababu gani? Sehemu kubwa ni kwa ajili ya moto. Jiko lilipokuwa ndani, moshi ulipanda kila siku ukakausha miti na nyasi, ukazipaka masizi, na wadudu wengi hawakupenda kukaa humo. Ndiyo maana wazee walitundika mbegu za mahindi, pamoja na maganda yake, juu ya moto. Watu wakihamia nyumba mpya, moto huzimika. Baada ya misimu michache mchwa hupanda toka ardhini, na nyasi za paa huanza kuoza. Kwa hiyo ni shauri jema kuliacha jiko katika chumba kimoja cha nyumba ile ya zamani, na nafaka katika chumba cha pili, ukuta ukiwa kati. Lakini moto usiachwe peke yake chini ya paa la nyasi, na dawa ya kuhifadhia nafaka isikaribie jiko kamwe.

Yuko adui mwingine ambaye wazee hawakumjua. Dumuzi, ambaye watu wengi humwita Skania, asili yake ni Amerika ya Kati. Alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na uchunguzi wa huko ulionyesha kwamba katika maghala mengine aliteketeza karibu theluthi ya uzito wa mahindi kwa miezi 3 hadi 6. Hula makopa ya muhogo vilevile. Na jambo la kuangaliwa sana katika habari hii ni kwamba dumuzi hutoboa hata mti mkavu na kujificha humo. Ghala laweza kufagiwa likawa safi machoni, naye yumo ndani ya nguzo akingojea mavuno mapya.

Kwa hiyo, kabla ya mavuno, kila nguzo ikaguliwe. Igongwe kwa jiwe: mti mzima hulia kwa sauti kavu, ulioliwa ndani hulia kama kibuyu. Fukua kidogo shinani, kisha choma kwa kisu pale udongo unapokutana na hewa, maana hapo ndipo uozo huanzia. Tazama matundu madogo yenye unga chini yake, na njia za udongo za mchwa. Nguzo mbovu isiondolewe kabla ya paa kupewa tegemeo jingine kando yake. Mninga, ule moyo wa mti, huvumilia mchwa. Mkaratusi mbichi usiotiwa dawa hauvumilii. Kuunguza mguu wa nguzo kwa moto huwachelewesha mchwa, wala hakuwazuii.

Nyufa za kuta zizibwe kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Yaachwe matundu ya hewa chini ya paa, yenye wavu wa waya wa kuzuia panya. Kisha jenga kichanja chenye miguu yake chenyewe, kimo cha futi 3, kila mguu ukivikwa koni ya bati, mdomo wake mpana ukielekea chini. Kisiguse ukuta wala nguzo. Pawe na nafasi ya futi 2 pande zote, ili mtu aweze kuzunguka na taa na kuona.

Mahindi yapukuchuliwe, kwa kuwa dumuzi hupenda zaidi yaliyo katika magunzi. Nayo yawe makavu: tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, na chumvi ikigandamana na kioo, rudisha mahindi juani. Usilidharau jambo hili. Mahindi yenye unyevu huota ukungu wenye sumu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri sana, ila isiegemezwe mti wenye matundu, maana dumuzi hutoboa hata plastiki.

Ukiona zaidi ya nusu ya nguzo zimeliwa, usitengeneze, bomoa. Na miti hiyo isijengewe kihenge kipya, wala isirundikwe karibu na ghala kungoja siku ya kupikia. Ichomwe yote kabla mahindi hayajaletwa kutoka shambani.