Kufundisha Huduma za Afya na Usawa: Njia ya Kwenda Ligula

Katika shule nyingi somo la huduma za afya huishia kwenye orodha: zahanati, kituo cha afya, hospitali. Mtoto huikariri orodha hiyo bila kujua kwa nini Taifa liliamua kujenga ngazi hizo. Hapa twapendekeza njia ya kulifundisha somo hilo katika darasa la tano au la sita kwa kutumia mfano wa pwani ya Mtwara.

Maarifa ya mwalimu

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilikusudia kupeleka huduma vijijini, kwani hospitali zilizorithiwa kutoka kwa wakoloni zilikuwa zimekusanyika mijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili. Walisikiliza redio katika vikundi, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Mwaka 1993 ulianza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za Serikali, huku wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wakisamehewa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Hatua za somo

1. Wanafunzi wachore ramani yenye Mtwara mjini, Hospitali ya Ligula, Msangamkuu iliyo ng'ambo ya maji, Msimbati, na Kilambo karibu na mto Ruvuma.

2. Waweke katika ramani watu watatu wa kubuni: karani wa mjini, mvuvi wa Msimbati, na mama mjamzito wa Kilambo. Wote wameandikiwa kwenda Ligula. Kila kikundi kikadirie nauli, muda wa safari na siku za kazi zitakazopotea, tena kieleze nani atabaki na watoto.

3. Mwalimu aulize: ikiwa wote watatu watapokewa sawa mlangoni, je, wamepata huduma sawa?

Swali hili ndilo kiini cha somo. Mama aliyesamehewa malipo bado hajasamehewa nauli. Kwa hiyo zahanati iliyo karibu, yenye dawa na mkunga, ni sehemu ya haki yake. Aidha, wanafunzi waone uhusiano wa afya na maendeleo: malaria isiyotibiwa mapema humtoa mtoto darasani na mzazi shambani.

Tahadhari

Tusimwulize mtoto ni nani kwao aliugua au alishindwa kulipa. Mwenye dhiki ataona haya mbele ya wenzake, na somo la usawa litakuwa limemdhalilisha. Ndiyo sababu tumetumia watu wa kubuni.

Kupima

Kila mwanafunzi aandike sentensi tano akieleza mahali ambapo angejenga zahanati mpya, na sababu zake. Atakayetaja wingi wa watu peke yake, bila umbali, kivuko na uwezo wa wakazi, arudi kwenye ramani na kuifuata upya njia ya yule mama wa Kilambo.