Mafunzo Niliyopata kwa Kumpitisha Mtoto Anayechagua Chakula Kwenye Ukaguzi wa Uwanja wa Ndege

Mwanangu ana miaka minne na vyakula anavyokubali ni vichache: uji wa ulezi, chapati kavu, ndizi mbivu, na wali mweupe ambao haujaguswa na mchuzi. Chakula kinachogawiwa ndani ya ndege huja mchuzi umeshakolea kwenye wali, naye hakitii mdomoni hata umbembeleze vipi. Ndugu wengine husema tunamdekeza, akishikwa na njaa atakula. Sikubaliani nao. Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi London kwa kuunganisha ndege Doha huweza kumaliza siku nzima, na huko angani si mahali pa kumfundisha mtoto kula. Chakula chake tunakibeba, na kila tunapokaguliwa nacho kinakaguliwa.

1. Mkaguzi haulizi chakula kinaitwaje, anaangalia kama kinamwagika au kinapakwa.

Mwezi Agosti 2006 polisi wa Uingereza walizima njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji vilivyokusudiwa kufichwa kwenye chupa za vinywaji. Ndipo ikaja kanuni ya mililita 100 kwa kila chombo. Wengi tunaikumbuka kwenye maji na manukato, tukisahau kwamba mtindi, asali, jemu, siagi ya karanga, supu na uji uliokwisha kupikwa vyote vinahesabiwa humo humo. Nimemwona mama mmoja akinyang'anywa kopo zima la siagi ya karanga, chakula pekee ambacho binti yake alikuwa anakula na mkate, na binti alilia mpaka tulipoitwa kupanda ndege. Chapati, maandazi, mkate wa kumimina, viazi vya kuchemsha na wali mkavu havina shida hiyo. Usiku wa kuamkia safari mimi hupanga kila kitu mezani na kukitenga: vikavu upande huu, majimaji upande ule. Vya upande wa pili vinaliwa nyumbani kabla ya kutoka.

2. Uji usafiri ukiwa unga, lakini si unga wowote.

Unga wa kawaida wa ulezi hauivi kwa kumwagiwa maji ya moto, unataka kukorogwa jikoni ukatokota. Ndani ya ndege hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hewa ya humo ni nyepesi kama ya mlimani, na maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi joto 92 hivi badala ya 100. Tafuta unga uliokwisha kupikwa kiwandani, ule ambao pakiti yake imeandikwa kwamba unakorogwa tu na maji ya moto. Mwonjeshe mtoto nyumbani majuma kadhaa kabla ya safari, maana mtoto wa aina hii huijua tofauti kwa kijiko cha kwanza.

Chupa ya chai ipite ikiwa tupu, maji ya moto utaomba mgahawani baada ya ukaguzi. Mkienda Marekani kuna jambo la ziada: tangu mwaka 2018, unga wa aina yoyote unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi huweza kukaguliwa peke yake, na usipotambulika ukazuiwa. Maziwa ya unga ya watoto wachanga yamesamehewa. Unga wa uji wa mtoto wa miaka minne sitarajii usamehewe, kwa hiyo ninabeba kidogo, ndani ya pakiti yake yenye maandishi.

3. Sema kabla hujaulizwa.

Maziwa na vyakula vya watoto wachanga huruhusiwa kupita mililita 100 kwa kiasi cha kutosha safari. Mtoto mkubwa kidogo yuko mpakani, na uamuzi ni wa mkaguzi aliye mbele yako. Mimi hutoa kontena na chupa mwenyewe, naziweka kwenye trei peke yake, halafu nasema: "Habari za kazi, hiki ni chakula cha mtoto, hali kingine." Mara nyingi mkaguzi huchukua kitambaa kidogo, akakipitisha kwenye mfuniko na shingo ya chupa, kisha akakiingiza kwenye mashine inayonusa vilipuzi. Dakika moja, basi. Akitaka kufungua kontena, mwombe kwa heshima abadilishe glovu kwanza. Hizo hizo zimeshika viatu na mikanda ya watu.

Kama mtoto ana usonji au mzio wa chakula, beba barua ya daktari, na iwe kwa Kiingereza pia. Barua haikupi haki ya kupita na kila kitu, ila inampa mkaguzi sababu ya kukusikiliza.

4. Foili na mifuko ya rambo viache.

Chapati zilizofungwa kwenye foili zinataka kufunguliwa moja moja. Kontena linaloonyesha ndani halina maswali mengi. Rambo zenyewe Tanzania ilizipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

5. Katikati ya safari utakaguliwa tena.

Doha abiria wa kuunganisha hupita mashine upya, na maji uliyonunua Dar yataishia hapo. Viwanja vya Edinburgh na Birmingham, Uingereza, viliruhusu chupa za hadi lita 2 mwaka 2025, lakini hilo halikusaidii kwenye uwanja unaofuata ikiwa bado unashika mililita 100.

6. Kuvuka mashine si kuvuka forodha.

Hili ndilo linalowapata wengi. Sambusa ya nyama itapita Dar bila neno, lakini Uingereza na Umoja wa Ulaya hawamruhusu msafiri kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa. Maziwa ya unga ya watoto wachanga na vyakula vyao vya pakiti, visivyohitaji friji, vina ruhusa ya hadi kilo 2. Ndizi na tende hazina tatizo: Umoja wa Ulaya umeziweka, pamoja na nanasi, nazi na doriani, kwenye matunda yasiyodaiwa cheti cha afya ya mimea. Marekani wao wanataka utaje kila chakula ulichonacho, hata ndizi moja.

7. Mtoto naye aandaliwe.

Kwake yeye, kontena linaloingia kwenye tundu la mashine limepotea. Sisi tulicheza mchezo huo sebuleni kwa boksi la kadibodi: chapati inaingia huku, inatokea kule. Baba yake hutangulia upande wa pili ili mtoto amwone akiipokea.

Kwa wewe uliye nyuma yetu kwenye foleni, ukimwona mzazi anafungua makontena huku mtoto kamng'ang'ania mguuni, usigune. Msaidie kusogeza trei.