Kabla ya Kununua Kiwanja, Kaeni Meza Moja

Siri ya kiwanja huchelewa kujulikana, na ikijulikana huumiza muda mrefu. Mume anachukua mkopo wa SACCO, ananunua ardhi, hati anaificha ofisini. Mke naye, kwa fedha za chama, amejenga vyumba vya kupangisha ambavyo mumewe hajawahi kuvisikia. Kila mmoja anasema moyoni mwake, "Ninajilinda." Halafu mmoja anafariki, na jamaa wanaanza kuuliza maswali kabla ya matanga kwisha.

Mke mwema anayesifiwa katika Mithali sura ya 31 alinunua shamba, tena baada ya kulichunguza. Wanaume wanaodhani kwamba ardhi ni mazungumzo ya wanaume wasome sura hiyo.

Sheria nayo inawaona ninyi kama wawili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza mali ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila idhini ya mke na mume. Hati ikiwa na majina yenu yote, sheria huchukulia kwamba mna haki sawa. Ikiwa na jina moja, huchukuliwa kwamba mwenye jina anaishika kwa niaba ya mwenzake pia, lakini hilo laweza kupingwa mahakamani. Basi kwa nini mwachie wanasheria kazi ambayo kalamu ingeifanya siku ya kununua? Andikeni majina mawili.

Kabla ya kulipa hata arubuni, fanyeni uchunguzi wa hati katika ofisi ya usajili wa ardhi, au kwa mfumo wa Ardhisasa ulioanzishwa mwaka 2021, pale ambapo umefika. Mwende na mpima ardhi mkaone mawe ya mipaka. Ikiwa ni shamba la kilimo, kibali cha bodi ya ardhi ni lazima. Bila hicho ununuzi ni batili. Waulizeni majirani pia, kwa maana jirani hujua kesi ambayo muuzaji hakuitaja.

Kisha pigeni hesabu bila kujidanganya. Vyumba vinne vya shilingi 4,000 kila kimoja huleta shilingi 192,000 kwa mwaka. Chumba kimoja kikikaa miezi miwili bila mpangaji, zimebaki 184,000. Ikiwa mlitumia shilingi 1,800,000, itawachukua karibu miaka kumi kuzirudisha, na bado hamjatoa gharama za choo, maji na rangi. Ikiwa karo ya watoto inategemea fedha hizo, ni heri kungoja.

Hapo kwenye matengenezo ndipo wengi hupoteza faida, kwa sababu kila kitu kidogo huitiwa fundi. Jifunzeni pamoja. Bomba linalodondosha maji mara nyingi linahitaji wosha mpya tu, na fungieni maji kwanza. Ukuta wenye unyevu usipakwe rangi. Tafuteni maji yanakotoka, pengine ni paa linalovuja au udongo uliorundikwa nje ukutani. Rangi juu ya unyevu itabambuka, nanyi mtaulaumu mkebe bure. Plasta ya kawaida ni ndoo moja ya simiti kwa ndoo nne za mchanga safi, nayo inyunyiziwe maji kwa siku saba, maana ikikauka haraka hupasuka. Mabati ya geji 30 ni membamba kuliko ya geji 28, ingawa namba yake ni kubwa. Wauzaji wengine hawatawaambia. Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde ambako maji hupita.

Umeme mwachieni fundi mwenye leseni. Hapo hakuna mjadala.

Na mume asidhani mwiko na kipimamaji ni vyake peke yake. Katika nyumba nyingi mke ndiye mwenye jicho la kuona mlango uliopinda. Mwacheni apime.

Jumamosi hii anzeni na daftari moja. Ukurasa wa kwanza, kila mmoja aandike ardhi, mikopo na vyumba alivyo navyo, hata vile ambavyo mwenzake hajui. Msibishane siku hiyo. Someni tu, mnywe chai. Hesabu zingojee Jumapili baada ya Misa.