Imamu Ndani ya Jeshi



Wapenzi wanafunzi, katika darsa la fiqhi tulisoma swala ya khofu, iliyotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 102. Kundi moja linaswali nyuma ya imamu, jingine linalinda, kisha wanapokezana. Basi hata vitani jeshi lina haja ya imamu. Na jeshi lenye watu wa dini tatu je?

Tutazame Bosnia. Kati ya mwaka 1992 na 1995 Waislamu, Waserbia wa Kiorthodoksi na Wakroati wa Kikatoliki walipigana, wakafa watu wapatao 100,000. Mwaka 2006 majeshi yao yaliunganishwa, na Desemba ya mwaka huo nchi ikaingia katika Ushirika wa Amani wa NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Jeshi hilo lina mufti na maimamu, tena lina mapadri wa makanisa yote mawili. Fikirini askari wawili wanaolala kambi moja, ambao baba zao walilengana bunduki. Mkataba uliotiwa saini mezani hauwapi usingizi. Kila mmoja anahitaji mtu wa kumwendea, asiyempa amri wala kumshitaki kwa mkubwa wake.

Mikataba ya Geneva ya 1949 inawalinda watu hawa. Imamu akikamatwa hahesabiwi mateka wa vita, ila aweza kubakishwa awahudumie mateka wenzake. Sisi hatushangai, kwani imepokewa kuwa Sayyidna Abubakar (r.a.) aliliusia jeshi liendalo Sham lisiwadhuru watawa waliojitenga kwa ibada.

Ugumu uko kwingine. Mwaka 2005 Uingereza ilimteua Imam Asim Hafiz kuwa imamu wa kwanza wa majeshi yake, na baadaye akaenda Afghanistan kuwashauri makamanda kuhusu dini ya wenyeji. Kumfundisha kamanda heshima ya msikiti ni kheri. Lakini tuseme imamu yeyote aambiwe na mkubwa wake, "Ukitoka kuswali, niambie nani kasema nini." Hapo, kwa maoni yetu, akatae hata kama atafukuzwa kazi. Akikubali, wanakijiji watamfungia milango, na askari wake nao hawatamweleza siri tena.

Wapo wanaosema Mwislamu hafai kabisa kuwa imamu wa jeshi linaloingia nchi ya Waislamu. Hoja hiyo ina uzito. Tuliijadili darasani siku mbili, na hatukukubaliana.