Dondoo muhimu: Kabla ya kununua pipa la wiski Uskoti

Kisheria, pombe haiitwi wiski ya Skochi mpaka ikae miaka 3 au zaidi ndani ya pipa la mwaloni, hukohuko Uskoti. Kama mtaji wako hauwezi kulala muda wote huo, nunua mapipa yaliyokwisha komaa.

Kabla ya kulipa, dai pipa lipimwe upya. Hili usilionee haya hata kidogo. Takriban asilimia 2 ya pombe iliyomo hugeuka mvuke kila mwaka na ukali hushuka. Ukifika chini ya asilimia 40, jina la Skochi limepotea, na bei nayo. Onja pia.

Umiliki uthibitishwe na ghala lenyewe, kwa maandishi. Usitosheke na cheti cha dalali.