Matairi Mawili Mawili Nyuma: Je, Gari Hubeba Mara Mbili?



Wakati wa mavuno wakulima wa Mitundu hutafuta gari la kupeleka alizeti Itigi. Huja magari ya namna mbili. La kwanza ni pikapu, kwa mfano Land Cruiser. Hiyo ina tairi moja kila upande wa nyuma. La pili ni lori dogo, kwa mfano Canter. Hilo lina matairi mawili kila upande wa nyuma. Wengi wetu tukiyaona husema, "Hili linabeba mara mbili." Je, ni kweli? Hebu tupige hesabu. Hesabu hii huokoa fedha za kikundi, na roho za watu pia.

1. Faida ya matairi mawili mawili

Matairi manne ya nyuma hukamata ardhi kwa upana. Kwa hiyo mzigo ukiwa juu, gari haliyumbi sana. Tena, tairi moja likipata pancha, la pili laweza kulishikilia gari mpaka dereva asimame. Huko Marekani kampuni ya General Motors iliuza pikapu za namna hii tangu mwaka 1973. Wenyewe huzipenda kwa kuvuta matrela mazito.

Lakini kuna gharama. Pikapu ina matairi 4 na moja la akiba, jumla 5. Lori dogo lina matairi 6 na moja la akiba, jumla 7.

2. Soma namba za tairi

Ndugu, umejifunza kusoma. Basi usisome magazeti tu, soma na tairi. Ubavuni mwake kuna namba. Tuseme tairi la kipimo 7.50R16 limeandikwa 122/118. Hizo si kilo. Ni namba za siri za uzito:

122 maana yake kilo 1,500, tairi likiwa peke yake.
118 maana yake kilo 1,320, tairi likiwa na mwenzake.

Umeona? Tairi ni lilelile, lakini likiwa na mwenzake hupewa uzito mdogo zaidi. Sasa tuhesabu matairi ya nyuma:

Moja moja: 2 × 1,500 = kilo 3,000.
Mawili mawili: 4 × 1,320 = kilo 5,280.

Mara mbili ya 3,000 ni 6,000. Hatukufika huko. Na katika kilo hizo umo uzito wa gari lenyewe. Zaidi ya hayo, springi, breki na ekseli navyo vina kiasi chake. Tairi laweza kustahimili, springi ikakatika.

Hata sheria inafuata njia hiyo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwa ekseli moja yenye matairi mawili. Yenye matairi manne inaruhusiwa tani 10. Matairi ni mara mbili, lakini uzito umeongezwa tani 2 tu.

3. Kwa nini hupunguzwa?

Matairi mawili yaliyofungwa pamoja ni kama watu wawili waliobeba gogo. Mmoja akilegea, mzigo wote humwangukia mwenzake. Tairi moja likipungua upepo, la pili hubeba zaidi, hupata joto na kupasuka. Kwenye bonde la njia au juu ya jiwe, mara nyingine tairi moja ndilo hugusa chini.

4. Njia zetu

Kwenye mchanga, tairi la nyuma la pikapu hupita palepale lilipopita la mbele. Njia imekwisha kukanyagwa. Matairi mawili mawili ni mapana kuliko mfuo ule, hivyo hulazimika kukata mchanga mpya. Kwenye udongo wa mbuga wakati wa masika, tope hujaa katikati ya matairi. Kwa hiyo kwa njia nyembamba za mashambani na mzigo mdogo, pikapu inafaa zaidi. Kwa mzigo mwingi na barabara pana, chukua lori dogo.

5. Utunzaji

Dereva na utingo wafanye haya kila siku kabla ya safari:
(a) Wapime upepo wa matairi yote, hasa la ndani. Hilo halionekani, na ndilo husahauliwa.
(b) Wang'oe mawe yaliyobanwa katikati. Jiwe hukata matairi yote mawili.
(c) Wakaze nati.
(d) Wasifunge tairi jipya pamoja na kipara. Yote mawili huzunguka sawasawa, kwa hiyo kubwa litabeba mzigo na dogo litajikwangua. Kwa matairi ya ukubwa huu, tofauti ya upana wa duara isizidi milimita 6.

6. Kabla ya kupakia

Omba kadi ya gari. Ina uzito wa gari tupu na uzito wa jumla unaoruhusiwa. Tuchukue mfano:

Uzito wa jumla: kilo 5,500
Toa gari tupu: kilo 2,500
Inabaki: kilo 3,000
Toa dereva na utingo: kilo 150
Inabaki mzigo: kilo 2,850

Gunia likiwa na kilo 75, utapakia magunia 38. Likiwa lumbesa la kilo 100, ni magunia 28 tu. Mtu akipakia lumbesa 38, amezidisha kilo 950! Kwa hiyo usihesabu magunia tu. Pima kwanza.

Je, watu wapande juu ya magunia? Hapana. Watu ni uzito uliowekwa juu kabisa. Gari likiinama kwenye korongo, wao ndio huanguka kwanza na magunia huwafuata. Matairi mawili mawili hayazuii hilo. Mwenye mzigo apande gari la abiria, hata kama atachelewa kufika.

Basi jibu ni hili: matairi mawili mawili huongeza nguvu na usalama, lakini hayabebi mara mbili. Anayesema "tia tu, linabeba" mwonyeshe kadi.

Maneno magumu
Ekseli: chuma kinachoshika magurudumu ya kushoto na kulia.
Kipara: tairi lililolika meno.
Mfuo: alama ndefu ya tairi njiani.

Maswali
1. Kwa nini tairi lenye mwenzake hupewa uzito mdogo?
2. Kadi inasema uzito wa jumla ni kilo 4,800 na gari tupu ni kilo 2,400. Dereva na utingo wana kilo 150. Gunia lina kilo 75. Utapakia magunia mangapi?
3. Kwa njia ya shambani kwako, ungechagua gari lipi? Toa sababu mbili.

Jibu la swali la 2: magunia 30.